Majani Yasiyotiwa Chumvi

“…na usijifanye hujui ninachokisema, mdomo uliotangaza ni huohuo unaotafuna karanga sasa hivi,” Mama Pacha alikuwa akisema kutoka upande wake wa ukuta. Kabla hajamaliza, fungu la majani mabichi likapaa juu ya ukuta na kutua verandani, kwenye mapaja ya mteja aliyekuwa anasukwa.

Msusi, waliyemwita Redio, hakuacha kusuka. Nusu ya kichwa ilikuwa imelala kwa mistari, nusu imesimama wima kama ufagio. Alimeza karanga zake, akajibu bila kugeuza shingo kwamba yeye hakuingia jikoni kwa mtu wala hakushika mwiko wa mtu, na kila mwanamke wa mtaa huo ana mikono yake miwili.

“Mikono ni yangu, maneno ni yako,” Mama Pacha akasema. “Daktari kaniuliza mume wangu anakula nini. Nimemwambia. Unajua alivyonitazama? Kama mtu anayemnywesha mumewe sumu huku anambembeleza.”

Mtaa ulikuwa umenyamaza kwa ile adabu ya watu wanaosikiliza. Fundi viatu wa ng’ambo ya njia alikuwa anagonga msumari mmoja tangu ugomvi uanze. Mwanamke aliyekuwa anafagia alifagia palepale mpaka ardhi ikaanza kuchimbika. Redio, ambaye siku nyingine angekuwa wa kwanza kuegemea ukuta kusikia ya wenzake, alijikuta hana wa kumkonyeza.

Basi akasema, kwa sauti ya kumfikia fundi viatu, kwamba mume wa mtu alikuwa na presha kabla majani hayo hayajajulikana, na kwamba aliyeyasifia kuliko wote ni huyohuyo anayeyatupa leo. Upande wa pili kikasikika kitu kizito kikiburutwa. Palikuwa na kijimlango kwenye ukuta ule, kisicho hata na komeo, ambamo nyumba mbili hizo zilipitishiana makaa ya moto, ungo, watoto na habari. Mama Pacha alikuwa anakiziba kwa gunia la mkaa.

“Hapa usipite tena,” akasema, na safari hii hakupaza sauti.

Hilo ndilo lililomchoma Redio. Matusi aliyazoea, mengine aliyatunga mwenyewe akawagawia watu bure. Lakini kijimlango kile alikuwa akikipita asubuhi kabla hajanawa uso.

Redio halikuwa jina alilozaliwa nalo, ingawa hata marehemu mama yake siku za mwisho alimwita hivyo. Alikuwa msusi. Nyumba yake haikuwahi kukaa tupu: walikuwepo wa kusukwa, wa kusubiri zamu, wa kusindikiza, na wale waliokuja tu kwa sababu pana watu. Sufuria lake la wali lilikuwa kubwa kuliko familia yake, maana mumewe alifanya kazi mbali na watoto walikwisha kuoa na kuolewa, lakini hakujua kupika kidogo. Chakula kikimshinda mtu mmoja, alikuwa akisema, si kwamba kimezidi, ni watu waliopungua.

Majani yenyewe yaliota nyuma ya nyumba zao, kwenye mashimo ya chumvi yaliyoachwa na kampuni iliyofunga kazi zamani. Ardhi ya pale ni nyeupe na inachoma nyayo. Aliyewahi kupanda mahindi alivuna hasira tupu. Majani hayo tu ndiyo yaliyostawi, manene, yamejaa maji, mashina mekundu, utadhani mtu anakuja kuyamwagilia kwa siri. Watoto waliyatafuna kwa ule uchumvichumvi wake. Wakubwa waliyaita magugu.

Hadi mdogo wake Redio alipokuja kuyachuma kwa gunia. Binti huyo alifanya kazi kwenye maabara ya chuo, na mtaa, usiopoteza muda kutafuta majina, ukamwita Maabara. Kazi yake ilikuwa kuyaosha majani, kuyakausha, kuyasaga unga na kuyapima. Siku moja Redio alimpelekea chakula cha mchana, akamkuta anadondosha maji ya majani kwenye kichupa chenye kimiminika cha zambarau. Zambarau ile ikafifia mbele ya macho yake, ikafa, ikawa njano. Redio alisahau kuweka chini kapu la chakula.

Maabara alimweleza kama unavyomweleza dada yako, huku unatafuna. Mwili ukichoma chakula ni kama jiko, unatoa masizi yake, na masizi hayo yanakula mwili taratibu. Mmea unaoishi kwenye jua kali na chumvi inayoua wengine hujitengenezea kinga nyingi za kupambana na uharibifu wa namna hiyo. Ile zambarau ni masizi ya kuigiza. Ikifutika haraka, ujue kinga ni kali. Na majani haya yalikuwa makali kuliko mboga nyingi za sokoni, tena yana chuma, yana protini, yana madini ya kila aina. Lakini, akasema, hicho ni kichupa. Kichupa si mtu.

Redio alifika nyumbani na zambarau iliyogeuka njano. Hilo la kichupa si mtu sijui lilidondokea wapi njiani.

Kufikia mwisho wa juma kila aliyekaa verandani alijua kuwa pale nyuma, bure kabisa, pana mboga inayofuta masizi mwilini, na kwamba imepimwa, si maneno ya wauza mizizi. Wanawake walishuka mashimoni na vikapu. Waliyachemsha, wakayakaanga, wakayasaga na ndimu wakanywa. Mwenye magoti alisema magoti yamelegea, mwenye ngozi mbaya akasema inang’aa, na mjane mmoja aliposema anajisikia kama binti wa miaka ishirini, wenzake walimtaka ataje jina la dawa yake ya kweli na nyumba anayokaa.

Na hakuna aliyeyapenda kama Mama Pacha.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabati, lakini tangu akatazwe chumvi kicheko kilikwisha. Chakula kisicho na chumvi alikiita karatasi. Alikuwa akionja, anasukuma sahani, na siku nyingine sahani ilifika ukutani. Mapacha wakaanza kula jikoni, wamesimama. Mama Pacha, kwa kumjua mumewe, alilitoa kopo la chumvi nyumbani kabisa akampa Redio amtunzie, akasema afadhali litunzwe na mwenye mdomo mpana kuliko mwenye mkono mrefu, na wakacheka.

Majani yakaja kama msamaha. Hayakuhitaji chumvi. Ukiyatupia kwenye maharage, maharage yanakolea. Ukichemshia viazi, viazi vinaliwa. Dereva akarudi kula, akaanza kuomba kikombe cha yale maji ya kuchemshia asubuhi kabla ya safari. Mapacha wakarudi kukaa mkekani. Na nyumba nzima ilikuwa na amani, kwa sababu kopo la chumvi lilikuwa kwa jirani na agizo la daktari lilikuwa limefuatwa. Mama Pacha alilisema hilo kwa fahari verandani: tangu siku ile, kwangu chumvi haijaingia hata punje.

Dereva alianguka asubuhi moja akiwa bombani anapiga mswaki. Alirudi kutoka hospitali akiwa na upande mmoja uliolala, mdomo umekwenda kando, na maneno yanatoka kama mtu anayeongea na pamba mdomoni. Nyuma yake akaja mama yake mzazi, na mkoba wa nguo uliojaa kiasi kwamba hakuna aliyeuliza ataondoka lini. Bibi huyo hakugombana na mtu. Aliuliza swali moja tu, kila siku, kwa kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa: nani alimlisha mwanangu chumvi?

Ndiyo maana siku ya ugomvi Mama Pacha alisimama karibu sana na dirisha la chumba cha mama mkwe. Lakini hilo Redio alikuja kuling’amua baadaye.

Baada ya gunia la mkaa, veranda ilianza kupukutika. Hakuna aliyesema anamkimbia. Mmoja alisema nywele zinahitaji kupumzika. Mwingine alisema atakuja kesho, na kesho yake akaonekana amesukwa, mistari imepinda, kazi ya mtu asiyejua kazi. Fundi viatu alimsalimia akiangalia kiatu. Redio akapika sufuria lake lilelile, akakaa nalo. Alijaribu kula peke yake, akakirudisha chakula sufuriani. Akaanza kusikia mambo ya nyumbani kwake ambayo hakuwahi kuyasikia: bati likijinyoosha kwa jua, maji yakidondoka kwenye ndoo, mapacha wakicheka upande wa pili kisha wakikanywa.

Alipochoka akaenda chuoni kumkaripia mdogo wake.

Maabara alikuwa anapima unga wa majani kwenye mizani inayotetemeka ukipumua. Chumba kilinuka spiriti na majani makavu. Alimwacha dada yake aseme yote aliyokuja nayo: kwamba amemharibia jina, kwamba msomi gani anasifia kitu nusunusu, kwamba kama chumvi imo angesema imo. Alipomaliza, Maabara akafunika mizani.

“Dada, nilisema,” akasema. “Nilisema kwako, mezani kwako, Jumapili ile ulipotukusanya. Nilisema mmea huu unaishi kwa kuimeza chumvi na kuificha majanini, kwa hiyo anayeyala anakula chumvi. Nikasema ukiyachemsha, kinga nyingi inatoka na maji, na chumvi inatoka na maji hayohayo, kwa hiyo mwenye presha ayamwage maji, tena mara mbili, na ale kidogo, au aache tu.”

Redio akasema hakumbuki.

“Ulikumbuka kucheka. Ulisema mume asiyetiwa chumvi anaoza. Watu wote wakacheka, na mimi nikanyamaza. Wewe umezoea kutia chumvi kwenye kila habari, dada, safari hii ukaamua kuitoa.”

Ikamrudia. Si maneno ya mdogo wake, bali kile kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri, cha nyumba iliyojaa, kilichozunguka meza nzima. Alijiona mwenyewe amesimama na mwiko mkononi, anasubiri kiishe ili aongeze kingine. Kisha, kwa kuwa alikuwa na kichwa cha kukumbuka nani alikaa wapi kuliko nani alisema nini, akaanza kuzunguka meza ile akilini, kiti kwa kiti, mpaka akafika mlangoni.

“Mama Pacha alikuwepo,” akasema.

Maabara akachukua kitambaa, akasema ndiyo, alikuwepo.

“Alisikia?”

“Dada, achana nayo.”

“Nimekuuliza, alisikia?”

“Alinifuata jikoni nikiosha vyombo. Aliniuliza kama chumvi ya majani ni sawa na ya kopo. Nikamwambia chumvi ni chumvi, haijali ilikotoka. Akauliza, je, kikombe cha maji yake? Nikamwambia hicho ndicho kibaya zaidi.” Maabara alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi. “Akasimama pale kidogo. Akasema, basi usimwambie mtu nimekuuliza, mume wangu ameanza kucheka tena. Akachukua wali wa watoto akaenda.”

Redio alivuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu siku ya gunia. Mdogo wake alimwona akinyooka, akaelewa, akamshika mkono. Akamwambia mama mkwe wa mwenzake yumo ndani ya nyumba ile. Akamwuliza, ukishasema, itamsaidia nani?

“Itanisaidia mimi,” Redio akasema. “Mimi ndiye ninayekula peke yangu.”

Njia nzima alitembea kama mtu aliyeokota pochi yake mwenyewe. Nyumbani alibadili kanga, akanawa uso, akaliteremsha lile kopo la chumvi kutoka rafu ya juu alikolitunza. Lilikuwa limefunikwa vizuri, halijaguswa. Alijiambia analirudisha, hilo tu. Mtu akiwa na kitu cha mwenzake ana sababu ya kubisha hodi. Na kwa kuwa kijimlango kilikuwa na gunia, alizunguka kwa mbele, kama mgeni.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Walikuwa wanakaribia kula. Dereva ameegemezwa mito ukutani, kitambaa kifuani, mkono wake mzito umewekwa juu ya paja kama kitu cha kuazima. Mapacha wamekaa pembeni yake. Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele wa jioni kwenye ungo. Mama Pacha alitoka jikoni na sufuria la majani yaleyale. Alisimama uani, akayamwaga maji yote chini, akaongeza mengine kutoka kwenye birika, akayamwaga na hayo. Alikuwa anajua kufanya hivyo vizuri. Hakuna aliyehitaji kumfundisha.

Akainua uso, akamwona Redio, na kopo.

Wakatazamana. Na hapo, kwa muda mfupi, Redio alitamani Mama Pacha aseme neno lolote, hata tusi, hata la kumfukuza, ili mambo yaishie hapo. Mwenzake alikuwa amekonda. Kanga yake ilikuwa imefungwa juu kuliko kawaida, kama ya mtu anayelala nayo. Alitikisa kichwa kidogo tu, kidogo sana, na haikuwa kukataa. Ilikuwa kuomba.

“Nani huyo?” bibi akauliza kutoka mkekani.

“Ni jirani, mama. Kaleta kitu,” Mama Pacha akasema.

“Jirani yupi? Yule wa majani?”

Ile *yule wa majani* ndiyo iliyomaliza kazi. Redio alisikia veranda yake tupu ikimwita. Akavua viatu kizingitini, akamwamkia bibi kwa heshima zote, akamwuliza shemeji hali, na dereva akanyanyua vidole vya mkono mzima. Kisha akaliweka kopo la chumvi chini, mbele ya ungo wa mchele, akasema alilokuja kusema. Hakupaza sauti na wala hakuongeza kitu, na pengine ilikuwa habari ya kwanza maishani mwake aliyoifikisha kama alivyoipokea: kwamba mdogo wake alieleza chumvi ya majani mbele ya watu, kwamba yeye Redio alifanya mzaha na mzaha ule anaubeba, lakini mwenye nyumba hii alimfuata mdogo wake jikoni, akauliza, akajibiwa, akajua, na kikombe kikaendelea.

Vidole vya bibi vikasimama ndani ya mchele.

Dereva alianza kusema kitu. Kilianza na midomo, kikashindwa, kikarudi tena na mate. Alikuwa anamtazama mkewe, na jicho lake lililokuwa zima lilijaa. Labda alikuwa anasema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kile kikombe, kila asubuhi, na kwamba aliona mkono wa mkewe unavyosita. Labda alikuwa anasema kingine. Mama yake alichukua kitambaa akamfuta, akamwambia tulia, baba, usijichoshe, kama anavyotulizwa mtoto, na hakusubiri amalize.

Mama Pacha hakukana. Alikuwa bado amesimama kwenye mlango wa uani, sufuria mkononi, mvuke unampanda usoni.

“Alikuwa anacheka,” akasema. “Watoto walikuwa wanakaa naye.”

Pacha mmoja akainuka kumwendea mama yake, bibi akamshika nguo akamkalisha.

Halafu bibi akaliinua lile kopo, akalitikisa, akalisikia limejaa. Akalisogeza nyuma ya mgongo wake, mbali na mkono wa mtu yeyote. Alipomgeukia Redio uso wake ulikuwa umelainika, uso wa mzee aliyepata jibu na sasa anaweza kukarimu wageni.

“Kumbe tulikuonea bure, mwanangu,” akasema. “Na gunia hilo litatolewa leo hii. Weka sufuria hapo, wewe, ulete maji ya kunawa.”

Mama Pacha akaweka sufuria. Akaleta birika na beseni, akapiga magoti mbele ya Redio, akammwagia maji mikononi bila kumtazama, taratibu, pande zote mbili za viganja, kama alivyofanya mara nyingi huko nyuma wakicheka. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Redio alitaka kumshika kidole tu, ingawa hakujua akimshika aseme nini, lakini beseni lilikwisha kuondolewa.

Mkeka ulikuwa umejaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ile moja, upande wa mgonjwa, yenye kijiko cha kumlishia na sahani iliyofunikwa, na Redio akaijua ni ya nani. Akasema ameshiba, akasema atapita siku nyingine, akasema alikuja mara moja tu.

Bibi akaifunua sahani, akaipangusa vumbi sehemu ile ya mkeka kwa kiganja chake. Kule uani Mama Pacha alikuwa amegeuka, anaosha beseni ambalo wengine hawajanawia.

“Unamkimbilia nani, nyumbani kwako hakuna mtu,” bibi akasema. “Ingia, mwanangu. Kaa hapa ule.”